Pua ya Mfalme wa Tatu

Mlioniandikia wiki iliyopita kunipa pole, barua zenu nimezipata. Mlioandika kunicheka, zenu pia nimezipata, na nyinyi mlikuwa wengi zaidi. Chekeni tu. Leo nitawaongezea.

Kwa aliyechelewa kuingia kwenye msiba huu: mimi ni mtembeza wageni katika mji wa kale wa wafalme. Miaka kumi na tisa nimezungusha watu kwenye majumba mawili na ngome tatu, nikiwaonyesha mawe wasiyoyaangalia na kujibu maswali ambayo majibu yake hawayasikilizi. Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyomwambia mgeni mmoja kwamba mbuzi angekuwa ameshaelewa, na jinsi mkuu wetu alivyonihamishia Ngome ya Tatu, ambako wageni wangu ni popo.

Niliwaeleza pia jinsi shemeji yangu, aliyetupelekea posa ya mwanangu wa pili, alivyorudi na jibu la dharau. "Wanasema binti yao ana damu ya kifalme. Haolewi na mpaka chokaa."

Mwanangu ni fundi wa mawe. Ndiye anayekarabati Jumba Kubwa.

Siku ile nilicheka mpaka mama watoto akanitoa sebuleni. Damu ya kifalme! Nimefanya kazi na wafalme miaka kumi na tisa, wote wamekufa, na hakuna hata mmoja aliyeacha wosia wa kukataa fundi. Mwanangu hakucheka. Alivaa ovaroli akaenda kazini, na tangu hapo anaongea na mawe kuliko anavyoongea na sisi.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta Jumatano.

Mkuu wetu tunamwita Bwana Kamba, kwa sababu kila kitu anakizungushia kamba. Ametia kamba vitanda, viti na ngazi, na safari moja aliizungushia kamba kamba nyingine, eti ni ya kale. Aliniita ofisini asubuhi.

"Kaa," akasema.

Sikukaa. Kiti kilikuwa na kamba.

"Saa nne inakuja familia. Mzee wao ni mzao wa Mfalme wa Tatu."

"Nani kasema?"

"Kaandika mwenyewe. Na anataka atembezwe na wewe, si mwingine. Anasema wewe ndiye uliyemfumbua macho."

Nilijaribu kukumbuka ni nani niliyewahi kumfumbua macho. Miaka yote kazi yangu imekuwa kuwafumba.

"Mwezi ujao tunafungua Jumba Kubwa," akaendelea. "Wakubwa wanataka mtu wa damu akate utepe. Nimetafuta miezi sita sijapata hata kitukuu, na huyu kajileta mwenyewe. Nikisikia lalamiko moja, moja tu, beji yako unaiacha hapa mezani leo leo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na mbuzi usimtaje."

Bila beji hupiti langoni, na mimi nje ya lango sina ninalolijua. Nina miaka hamsini na minne. Najua urefu wa kila ukuta wa mji huu na sijui hata bei ya sukari. Kwa hiyo nilifuta viatu, nikapiga pasi uso wangu, nikaenda kupokea damu ya kifalme.

Walikuja watu kumi na mmoja. Mbele alitembea mzee mrefu mwenye koti la vifungo vya kung'aa, ameshika bakora ambayo mguu wake haukuihitaji. Nyuma yake dada yake, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, alikuwa amemfunikia mwavuli. Jua halikuwepo wala mvua.

"Mtembezaji," mzee akasema. "Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka sana," nikadanganya.

"Mwaka juzi nilikuja na wenzangu wa ofisi ya vipimo. Nilikuwa nimeshastaafu ukaguzi wa mizani. Ukanisimamisha mbele ya picha ya Mfalme wa Tatu, ukaniambia, 'Mzee, hiyo pua si ya bure.'"

Hapo nikakumbuka. Si kwamba nilimkumbuka yeye. Niliikumbuka pua.

Ngoja niwaungamie, maana ndiyo kazi ya safu hii. Kuna picha ya Mfalme wa Tatu chumbani kwake, ilichorwa na mtu ambaye afadhali angekuwa mpishi. Unyevu umeila mpaka pua imevimba ikatawanyika, na sasa inamfaa mtu yeyote mwenye pua. Kila kundi nililolitembeza nilichagua mtu mmoja, aliyenyong'onyea zaidi au aliyejiona zaidi, nikamsimamisha pale nikamvika kilemba cha ukoka. Nilimwangalia yeye, nikaiangalia picha, nikashusha sauti: "Hiyo pua si ya bure." Basi huyo mtu siku nzima haulizi choo kiko wapi, na akitoka anaandika ukurasa mzima wa sifa kwenye kitabu cha wageni. Kwa sifa hizo ndivyo nilivyodumu miaka kumi na tisa.

Niliwadharau wote walioamini. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikimwigizia mama watoto jinsi walivyokuwa wakijishika pua njia nzima.

Huyu sasa alikuwa ameamini miaka miwili.

"Hawa ni watu wangu," mzee akasema. "Huyu ni dada yangu. Yule kule ni binti yangu wa mwisho."

Nikamwangalia binti wa mwisho, nikamtambua. Picha yake iko ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa la mwanangu. Amekuja kwetu mara mbili, akala, akaosha vyombo, akamwita mke wangu mama. Mimi na baba yake hatukuwahi kuonana, mambo yote yalipitia kwa shemeji.

Na yeye alikuwa ananitazama, amekauka kama kijiti.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wamesema wahenga. Hawakusema kwamba anaingia na mtoto wake mgongoni.

Tulianza na Ngome ya Kwanza. Mzee aliupapasa kila mzinga, akiuita wa babu. Alisimama kwenye tundu la kurushia mishale, akachungulia nje kwenye maegesho ya magari, akatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba yale magari yamevamia.

"Enzi za babu wasingethubutu," akasema.

"Wasingethubutu," nikakubali. Enzi hizo tundu lile lilikuwa choo cha walinzi, lakini nilikuwa na beji ya kulinda.

Dada yake alinijia pembeni na mwavuli wake.

"Unajua juzi kuna mpaka chokaa alituma watu kumposa mtoto wetu? Mtu ambaye kucha zake ni nyeupe mwaka mzima."

"Mama, hii ngome ilijengwa na nani?"

"Na mfalme."

"Kwa mikono yake?"

"Mbona unauliza? Wewe si wa kujibu?"

Nikameza. Nimewahi kumeza maneno mengi, lakini lile lilishuka na miiba yake.

Kwenye ngazi za Ngome ya Pili wengine walitangulia, na binti akajichelewesha kwa kujifanya anafunga kiatu. Nilijua kiatu chake hakina kamba. Hata Bwana Kamba hakuwa amekifikia.

"Baba," akaniambia kwa sauti ya chini, "ni wewe uliyemwambia?"

"Ni mimi."

"Ni kweli?"

"Kuna bibi mmoja muuza mbegu nilimwambia hivyo hivyo wiki moja kabla yake."

Akakiacha kiatu, akainuka. "Alipostaafu alikuwa anakaa tu kibarazani siku nzima. Siku aliyotoka huku alirudi anaimba. Sisi tukamwacha, tukasema si atachoka. Hakuchoka. Sasa amenitafutia mtu, mjane wa miaka sitini, eti mama yake alikuwa wa ukoo wa wapiga ngoma wa mfalme. Ijumaa wanakuja kupewa jibu."

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii. Mwambie leo, baba. Mimi nimemwambia hanisikii. Wewe atakusikia."

"Nikimwambia nafukuzwa kazi."

"Najua," akasema. "Mwanao alishaniambia kuhusu mbuzi."

Akapanda ngazi akaniacha. Hakulia wala hakunibembeleza, na ndiyo maana maneno yake yaliniingia. Kama angelia ningemdharau, dharau ninaijua vizuri na ingenisaidia.

Kutoka Ngome ya Pili hadi Jumba Kubwa ni hatua mia nne na kumi, na njia nzima nilikuwa najishauri. Nikajiambia mwanangu ni kijana, atapata mwingine. Nikajiambia mjane wa miaka sitini anaweza kuwa mtu mwema. Nikajiambia kila uongo wa bei nafuu niliokuwa nao. Nilipofika mlangoni sikuwa nimeamini hata mmoja, na mimi ndiye fundi wao.

Chumba cha mfalme kipo ghorofani. Ukiingia, kushoto kuna kitanda cha nguzo nne chenye kamba, mbele kuna picha, kulia ukuta uliopasuka. Na mbele ya ukuta huo, juu ya jukwaa la mbao, alikuwepo mwanangu na mwiko mkononi.

Sikujua kwamba siku hiyo anafanya kazi chumba kile. Naye hakujua tunakuja. Alimwona binti, mwiko ukamdondoka.

Ulitua karibu na kiatu cha mzee.

"Wewe!" Mzee alimtambua, kwa kuwa shemeji alikuwa amepeleka picha. "Yaani umetufuata mpaka huku? Mpaka chumbani kwa babu yangu?"

Mwanangu alishuka taratibu, akafuta mikono kwenye ovaroli. "Shikamoo, mzee. Sijakufuata. Nafanya kazi hapa tangu mwezi wa pili."

"Unaona?" dada akamwambia kila mtu. "Unaona kucha?"

"Mtembezaji," mzee akasema, "mtoe huyu mtu. La sivyo naenda kwa mkuu wako sasa hivi."

Hilo ndilo lilikuwa lalamiko lenyewe, limesimama mlangoni na kofia yake kichwani. Ningeweza kusema, "Fundi, toka." Maneno mawili tu. Mwanangu angetoka, maana nimemlea kutii. Tayari alikuwa ameshainama kuokota mwiko.

"Siwezi kumtoa," nikasema. "Huyu ni mwanangu."

Dada alisahau mwavuli wake, ukamshukia kaka yake kichwani.

"Mwanao?"

"Wa kunizaa. Posa mliyoikataa ilitoka kwangu. Na hiyo damu iliyowafanya mkatae nayo ilitoka kwangu vilevile. Mimi ndiye niliyeitunga, mzee. Pale uliposimama nimesimamisha watu miaka kumi na tisa. Picha imeharibika na unyevu, pua yake ni ya kila mtu."

Mzee aliigeukia picha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Ulimwambia nani mwingine?"

"Wengi."

"Kama nani?"

Wakati huo mwenzangu mmoja alikuwa amefika mlangoni na kundi lake, wanasubiri zamu. Mbele yao alikuwa mama mmoja, nesi mstaafu, aliyeleta wajukuu zake.

"Kama mimi," nesi akasema, kwa upole kabisa. "Miaka mitano iliyopita, hapo hapo. Sikuamini, lakini nilifurahi sana."

Watu wa nyuma yake wakaanza kucheka. Nilipowageukia wakaacha, ila kicheko kilikuwa kimeshamfikia mzee.

Mzee alivuka kamba akakaa kwenye kitanda cha mfalme. Hakuna aliyemkataza. Alikaa mikono ikiwa juu ya bakora, na ghafla nikaona ile bakora anaihitaji.

"Nilistaafu siku ya Ijumaa," akasema, hakuwa anamwambia mtu. "Jumatatu niliamka sikujua nivae nini. Miaka thelathini na moja nilikuwa naingia sokoni, muuzaji akiniona anaweka mizani sawa. Halafu nikawa sina ninayemtisha, hata kuku wa nyumbani. Ndipo wewe ukaniambia maneno yale."

"Nisamehe, mzee."

"Miaka thelathini na moja sikupitisha jiwe la mizani lililopungua hata chembe. La kwako nililipitisha bila kulipima."

Wasomaji wangu, nimewahi kufukuzwa, kutukanwa na kutemewa mate, na wiki zote hizi nimewasimulia nikiwa kichwa juu. Pale kichwa kiliinama. Niliona aibu, na sikuwa na mtu wa kumdharau ili inipungue.

Mzee alimtazama mwanangu.

"Fundi. Huo ukuta unaupaka mara ngapi?"

"Mara tatu, mzee."

"Kwa nini usipake mara moja, nene, ukamaliza?"

"Itapasuka. Ya kwanza lazima ikauke siku saba, ndipo ya pili ishike. Wengine hawasubiri."

"Na nani atajua kama umesubiri?"

Mwanangu alifikiri. "Hakuna atakayejua, mzee. Labda atakayekuja kuukarabati baada yangu."

Mzee aliilaza bakora kitandani. Kisha akamwita binti kwa mkono, akamwita na fundi. Akaushika mkono wa binti yake akauweka ndani ya ule wenye kucha nyeupe, akaufunika kwa wa kwake.

"Mimi ni mkaguzi wa mizani mstaafu," akasema. "Baba yangu alikuwa karani wa stoo. Mjane nitamwambia mwenyewe. Kama wazee wenu wanaitaka heshima yetu bado, warudi na posa yao."

"Kaka!" dada akasema.

"Funga mwavuli," kaka akamjibu.

Mwanangu alinitazama. Tangu jibu la posa lirudi hakuwa amenitazama usoni. Nikaipapasa beji yangu shatini, nikaiaga kimoyomoyo. Nilikuwa tayari kuiweka mezani mwenyewe, na kusema kweli nilikuwa nimefurahi.

Hapo ndipo hadithi ingeisha kama mimi ningekuwa mtu mwingine.

Nilisikia viatu vinapanda ngazi mbili mbili. Bwana Kamba aliingia anahema, ana karatasi mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alimwona mtu amekaa juu ya kitanda cha mfalme asipige kelele.

"Kaa, mzee, kaa. Kitanda ni chako," akasema. "Mtunza nyaraka wetu amemaliza sasa hivi. Amefuatilia majina yote uliyoyaandika kwenye barua yako, mpaka kwenye daftari la vizazi vya jumba hili. Hongera. Bibi yake baba yako ni binti wa Mfalme wa Tatu."

Dada alifungua mwavuli.

Niliwahi kumdharau kila mtu anayefanya kazi katika mji ule isipokuwa mmoja, na huyo ni mtunza nyaraka. Yule mama ukimuuliza saa anaangalia saa mbili tofauti kabla hajakujibu. Akiandika kwamba jambo lipo, basi lipo.

Mkono wa mzee uliinuka juu ya ile mikono miwili. Haukwenda mbali. Ulibaki hewani, haujui uende wapi.

"Lete nisome," dada akasema.

"Hapana," Bwana Kamba akasema, "nitaisoma mimi, ni ya ofisi."

"Hapana," mzee akasema. Aliichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Maandishi yalikuwa madogo. Akainyoosha kwangu.

"Asome huyu. Aliniambia mimi ni mjukuu wa mfalme, nikaamini. Leo kaniambia mimi si kitu, nikaamini. Sasa hana pa kutunga, imeandikwa. Asome kwa sauti, watu wangu wasikie. Kama jina la bibi yake baba yangu limo humo, haya niliyoyasema kuhusu posa nayafuta, na fundi asinikaribie tena."

Nikaichukua. Ilikuwa na mistari minne, mhuri na sahihi. Hakuna palipofutwa. Jina la bibi lilikuwa mstari wa tatu, na mbele yake, kwa mwandiko wa yule mama asiyekosea: binti wa tano wa Mfalme wa Tatu.

Kile nilichokitunga kumchezea mtu kilikuwa kweli. Na ule ukweli nilioutoa kwa uchungu, nikautolea beji yangu, ulikuwa uongo.

Mwanangu alikuwa bado ameushika mkono wa binti. Hakunikonyeza wala hakunitikisia kichwa. Aliningoja tu.

"Soma basi," Bwana Kamba akasema. Alikuja akasimama begani kwangu, karibu kiasi cha kusoma pamoja nami.

Nikakohoa. Nikaanza kusoma kwa sauti, na jina la kwanza lililonitoka halikuwamo kwenye ile karatasi.